Jenerali wa Supu

Hapana, Hamza, sikubali, na wala usiniwekee vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Unaandika kwenye grupu mbele ya watu wote kwamba ile ndiyo filamu bora ya ujana wetu. Nikisema ni uchafu unaniambia nimezeeka, tena unaniambia mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele kuliko wote pale kwenye banda lenu la video. Ni kweli nilipiga kelele. Mtu mwenye njaa hula maharage yaliyochacha na akaomba aongezwe. Jumatatu ya wiki iliyopita nimeiangalia yote, mwanzo mpaka mwisho, kwenye simu, nimekaa ndani ya kibanda changu cha ufundi hapa Kasulu. Wateja wamesimama dirishani wanaulizia vioo vya simu zao, nami nawaambia wasubiri, nina kazi. Ilipoisha nikatoka nje nikatema mate. Sikuwa naringa. Kinywa kilikuwa kichungu kweli, kama mtu aliyetafuna kidonge cha malaria. Na kilichonitia kinyaa sio filamu peke yake, kwa hiyo ngoja niseme yote hapa, kwa urefu, kwa sababu kwenye grupu ukiandika zaidi ya mistari mitatu mtu anakuuliza kama umekunywa. Zabroni alikosa kazi ya redio kwa sababu ya filamu ile, na mdomo uliomkosesha ni wangu. Hilo hukulijua, Hamza. Na yeye hakulijua mpaka wiki iliyopita.

Kwa wasioijua, ile ilikuwa filamu iliyotolewa kwenye gemu ya kupigana, na gemu ndiyo ilianza kuja kwetu. Baba yake Hamza alikuwa na duka la vitenge na vyombo barabara ya sokoni, na nyuma ya duka alikuwa na vyumba viwili vya tofali za kuchoma ambavyo alimwachia mwanae aendeshe. Kimoja kidogo, cha gemu, runinga mbili na pedi nne zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli ili zisiibiwe. Kingine kikubwa, cha video, mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa na turubai, joto la watu na harufu ya miguu iliyotembea kutoka Muyama na kwingine huko kuja sokoni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nane, nimeshaacha shule, najifundisha kufungua redio na kuzifunga tena zikiwa mbovu zaidi. Kazi yangu halisi mwaka ule ilikuwa kumchezesha Kibiriti. Jina lake la kwenye gemu liliandikwa kwa herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma, kwa hiyo tukambatiza. Kijana mwembamba, peku, suruali imekatikia magotini, na mikono yake ilikuwa inawaka moto. Chini, mbele, ngumi, unabonyeza haraka, moto unatoka. Nilikuwa na sugu kwenye kidole gumba. Wengine walikuwa wanabadilisha wapiganaji kila siku, leo jitu la minyororo, kesho yule dada wa mateke. Mimi sikubadilisha. Mtu akisema Kibiriti ni dhaifu tulikuwa tunatoka nje tukamalizane kwa ngumi za kweli, na mara nyingi nilipigwa, na nilirudi ndani nikamchukua Kibiriti yule yule.

Zabroni alikuwa mtafsiri wa banda la video. Sijui sasa hivi vijana wanajua kazi hiyo ilikuwaje. Siku hizi filamu unaikuta imeshaingizwa Kiswahili huko Dar, wakati huo kwetu mtafsiri alikuwa anakaa pale pale, kwenye kiti pembeni ya runinga, maiki mkononi, anapunguza sauti ya filamu na kuweka ya kwake. Steringi akifungua mdomo, Zabroni anafungua wa kwake. Mwanamke akilia, Zabroni analia. Mbwa akibweka, anabweka. Kiingereza hakukijua, labda maneno ishirini, na hakuna aliyejali, kwa sababu hadithi alizotunga zilikuwa na akili kuliko filamu zenyewe. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, inaingia kifuani kwako kabla haijafika masikioni. Akiongea Kiha na wazee walikuwa wanamwangalia mara mbili, kwa sababu kilikuwa na Kirundi ndani yake. Wazazi wake walitoka Burundi zamani sana, wakapata uraia, wakalima, na yeye alizaliwa hapa hapa Kasulu, akasoma hapa hapa.

Mwaka ule redio moja ya Kigoma mjini ilimsikia. Mtu wao alipita sokoni, akaingia bandani kukwepa mvua, akakaa mpaka mwisho na mvua ilikuwa imeshakatika. Akamwambia Zabroni aje, kuna kipindi cha mchana kinatafuta mtu, ila alete namba ya kitambulisho cha taifa. Na kitambulisho kinaanza na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Hapo ndipo kila kitu kilipokwama. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa kutembea taratibu, shati limechomekewa, mhuri anauweka kwenye mfuko wa mbele wa shati kama wengine wanavyoweka kalamu. Alikuwa anaugusa anapoongea, gusa, gusa, halafu anakohoa mara mbili na kusema, "Serikali haikimbizwi." Zabroni alikwenda mara ya kwanza akaambiwa aje kesho. Mara ya pili akaambiwa mhuri kaondoka nao katibu, huku anauona mfukoni. Mara ya tatu aliulizwa baba yake alizaliwa wapi. Alikuwa na bahasha ya kaki yenye vyeti vyote, vya kwake na vya wazazi, na ile bahasha ilichakaa pembe zote kwa kubebwa.

Mimi nilikuwa nakula kwao. Sisemi nilikuwa nakula kwao mara moja moja, nilikuwa nakula kwao. Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja, viti viwili na mkeka, na mama yake alikuwa anapika ugali wa muhogo na maharage yaliyotiwa mawese mpaka yanang'aa. Alikuwa haongei sana, ila akiongea unaacha kutafuna. Siku ile ya mara ya tatu Zabroni aliporudi na kurusha bahasha mezani, mama alikuwa anasonga, hakugeuka.

"Kasemaje?"

"Kaniuliza baba alizaliwa wapi."

"Ukamwambia?"

"Kipo kwenye karatasi, mama. Kila kitu kipo kwenye karatasi."

"Sasa anataka nini huyo mtu," mama akasema, bado anasonga, "nikuzae upya mbele yake akiwa ameshika mhuri?"

Tulicheka mpaka nikapaliwa. Zabroni alicheka pia, halafu akaanza kumwigiza mwenyekiti, kile kikohozi, kile kugusa mfuko, "serikali haikimbizwi", kwa sauti ile ile ya puani. Mama akamwambia, "We Zabro, hiyo sauti iishie humu humu ndani." Akaitikia kwa Kiha, "Ego, mama." Na angeishia hapo kweli. Sio mtu wa ukorofi. Mkorofi ni mimi.

Halafu ikaja filamu. Hamza aliipata kwa mtu aliyekuwa anavuka mpaka pale Manyovu na bidhaa za Burundi, kwa hiyo diski ilikuwa inaongea Kifaransa. Kwenye kasha kulikuwa na picha ya wapiganaji wetu wote, wamekuwa watu wa kweli. Hamza alibandika karatasi mlangoni wiki nzima. Jumamosi ile watu walianza kukaa kwenye mabenchi tangu saa nne asubuhi, wakati baba yake hakuruhusu kuwasha jenereta kabla wazee hawajatoka msikitini adhuhuri. Mimi nilikaa benchi la kwanza. Nilikuwa nimekuja kumwona Kibiriti akiwa na nyama na mifupa, akitoa moto.

Sasa sikilizeni uchafu wenyewe. Steringi wa ile filamu ni mzungu mmoja mzee mwenye kifua ambaye kwenye gemu hayupo. Hayupo kabisa. Yule dada wa mateke kavalishwa gauni, anakaa kwenye kompyuta. Jitu la minyororo limekuwa la kuchekesha, linaanguka anguka. Na Kibiriti wangu, mwenye moto mikononi, wamemfanya mpishi. Mpishi kwenye meli ya adui. Tulimsubiri nusu saa nzima atokee, akatokea amevaa aproni, akachukua kiberiti cha kawaida, akawasha jiko la gesi. Ndiyo hivyo. Huo ndio moto wake pekee kwenye filamu nzima. Nilipoiangalia tena Jumatatu nilidhani labda kuna kipande tulirukishiwa, labda diski ilikuwa na mikwaruzo. Hakuna. Anawasha jiko.

Banda lilichafuka. Watu walisimama, mtu alirusha kiatu kikapiga turubai, wengine wanamwita Hamza mwizi. Hamza alikuwa mlangoni, uso umemshuka, anajua baba yake yuko dukani anasikia kila kitu. Na adui alikuwa ndiyo anatokea kwenye skrini. Jenerali mmoja, ana joho la zambarau mpaka chini na jino la chuma, kakaa kwenye kiti kikubwa. Kibiriti anakuja mbele yake na sinia, anapiga magoti. Jenerali anachovya kidole, anakunja uso, analisukuma sinia. Kibiriti anaondoka, anarudi na sinia, anapiga magoti tena. Jenerali analisukuma tena. Zabroni alikuwa kimya kwenye kiti chake sijui sekunde ngapi, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Halafu akakohoa mara mbili kwenye maiki.

"Wewe kijana," akasema kwa sauti ya puani, "hizi karatasi zako nimeziona. Njoo kesho."

Watu waliokuwa wamesimama wakabaki wamesimama hivyo hivyo. Kibiriti akarudi na sinia.

"Shikamoo, Mwenyekiti," Zabroni akamsemea. "Jana ulisema nije leo."

"Leo mhuri kaondoka nao katibu."

Na kwa bahati mbaya ya dunia, yule jenerali kwenye skrini akagusa kifua chake, mahali pale pale pa mfuko. Niliwahi kusikia mabati yakipigwa na mvua ya mawe, kelele ya siku ile ilizidi. Mara ya tatu Kibiriti alipoleta sinia, jenerali akalichukua bakuli akammwagia usoni, na Zabroni akasema taratibu, kwa upole kabisa, "Serikali haikimbizwi." Mzee mmoja mwenye duka la mbegu alishuka chini ya benchi, hakuweza kupanda tena. Kulikuwa na Mkongo mmoja, alikuja mjini na kibali kutoka kambi ya wakimbizi kununua dawa, yeye ndiye pekee aliyejua Kifaransa, na alikuwa anahangaika kutueleza: "Lakini, bandugu, ule hasemi vile. Anasema mambo ya supu tu. Soupe. Anasema iko baridi." Tulimwambia anyamaze asituharibie.

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonimaliza Jumatatu. Kiingereza nimejifundisha mwenyewe, kwa kamusi iliyochanika inayoanzia herufi C na kwa video za mafundi wa kule nje, sasa naelewa. Hii ya kwenye simu inaongea Kiingereza, na nilimsikiliza yule jenerali neno kwa neno. Anaongea dakika nne nzima kuhusu supu. Haina chumvi, imepoa, mama yake alikuwa anapika vizuri zaidi. Watu walitoa pesa zao, wakashona joho lile, wakaajiri waigizaji, kwa ajili ya hicho. Hamna kitu mle. Kila kilichotuchekesha, kila kilichotufanya turudi Jumamosi sita mfululizo, kilitoka kwenye koo la kijana mmoja aliyekuwa anaongelea shida yake mwenyewe kwa njia pekee aliyoipata. Halafu Hamza unaandika eti filamu bora. Filamu ipi?

Maana tulirudi, kweli. Mpaka akina mama wa sokoni walikuwa wanaacha nyanya zao wanasema wanakwenda kumwona mwenyekiti. Mtaa wote ulijua isipokuwa yeye. Hakuna aliyetukalisha na kutukataza kusema, lakini hakuna aliyesema, kwa sababu kila mtu pale alikuwa na barua yake aliyowahi kuihangaikia. Zabroni aliniambia mimi peke yangu, tunakula, ananijua: "Fundi, wengine siwaogopi. Nakuogopa wewe. Uchunge huo mdomo, sha." Nikamwambia mimi na yeye damu moja, anawezaje kuwaza hivyo. Nilikasirika hata. Sikumaliza chakula.

Wiki ya saba alimpeleka mama yake Kabanga, hospitali, macho. Akaniachia bahasha. Redio ilikuwa imempigia kusema kipindi hakiwezi kumsubiri, mwisho ni mwezi ule. Aliniambia nifanye mambo mawili tu, niseme shikamoo na niache bahasha. Nilimkuta mwenyekiti barazani kwake anapukuchua mahindi kwenye beseni.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Wewe si yule muuaji wa redio za watu?"

"Ndiye. Nimeleta bahasha ya Zabroni."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kampeleka mama yake Kabanga, macho."

"Basi macho yakipona, aje. Serikali haikimbizwi."

Ningeondoka hapo. Miguu ilikuwa imeshageuka. Akaongeza, kama mtu anayeongea na mahindi yake, "Hawa watu lazima tuwaangalie vizuri."

"Watu gani?"

"Unawajua."

"Zabroni kazaliwa hapa. Kasoma dawati moja na binti yako."

"Kijana, usinifundishe mtaa wangu."

Moto ulinipanda. Nakumbuka nilifikiria, wallahi leo namtetea rafiki yangu, leo huyu mzee anapata ukweli wake. Nikamwambia ndiyo maana watu wanamcheka. Akauliza nani wanamcheka. Nikasema kila Jumamosi, mtaa mzima, kwa akina Hamza, aende akajione. Aliacha kupukuchua. Akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Wananichekaje?" Na mimi, pale barazani, mbele ya mke wake aliyekuwa ametoka na maji, nikakohoa mara mbili, nikagusa mfuko wangu wa shati, nikamfanyia sauti yake yote. Nikaondoka kifua mbele. Nilihisi kama nimemwangusha Goliathi. Zabroni aliporudi jioni nikamwambia bahasha nimeiacha, basi.

Jumamosi mwenyekiti akaja. Aliingia wakati watu wameshakaa, shati limechomekewa, akasimama mlangoni macho yazoee giza. Hamza, mtoto wa adabu, aliyelelewa na bibi wa Bagamoyo, akakimbia dukani kuleta kiti cha plastiki na soda ya baridi, akamkalisha mbele kabisa, akampangusia na kiti. Niliona macho ya Zabroni yakitoka kwenye kiti, kwenda kwa Hamza, kurudi kwenye kiti. Mimi niliangalia miguu yangu.

Filamu ikaenda. Ilipokaribia ile sehemu, watu walianza kuangalia kisogo cha mwenyekiti. Jenerali akatokea na joho lake. Kibiriti akaja na sinia, akapiga magoti. Na Zabroni, jasho linamtiririka, akafanya kitu alichodhani kitamwokoa. Akamgeuza jenerali kuwa mtu mwema. Akamwekea sauti tamu, ya padri.

"Karibu, mwanangu. Umetoka mbali. Barua yako hii hapa, nimeiandika tangu jana."

Kwenye skrini jenerali akakunja uso, akalisukuma sinia.

"Mhuri ninao muda wote, kwa ajili ya wananchi wangu."

Kulitokea sauti moja nyuma, mtu anajizuia. Halafu mwingine. Kibiriti akarudi, akapiga magoti, jenerali akachukua lile bakuli.

"Nakutakia safari njema na maisha marefu," Zabroni akasema, na supu ikamfika Kibiriti usoni.

Ilikuwa mbaya mara kumi kuliko ile ya sauti yenyewe. Watu walicheka kwa kulia, walipiga mabenchi, wanawake walijifunika khanga usoni. Zabroni alikuwa anapunga mkono, anawaomba wanyamaze, na walidhani hiyo nayo ni sehemu ya kichekesho. Mwenyekiti alimaliza soda yake yote. Akaiweka chupa chini, wima, akainuka akatoka. Jumatatu iliyofuata Zabroni alimfuata ofisini na nilikuwa naye, kwa hiyo nilisikia. Mwenyekiti hakupandisha sauti. Alimrudishia bahasha kwa mikono miwili, akasema, "Nenda kwa yule mwenyekiti wa kwenye filamu. Yule anaandika haraka."

Redio ilimchukua mtu mwingine. Zabroni aliacha kwenda bandani, aliacha kumsalimia Hamza, akipita dukani kwao anavuka barabara. Hamza alikuwa ananiuliza, "Fundi, nimemkosea nini mshikaji?" Nikamwambia sijui, labda ana mawazo. Nilijua. Niliona yale macho siku ya kiti. Ilikuwa rahisi kunyamaza, kila siku rahisi kidogo kuliko jana, na kabla mwaka haujaisha Zabroni akahamia Kibondo na sikumsindikiza hata stendi.

Wiki iliyopita, siku mbili baada ya kuiangalia ile filamu, nilikwenda Kibondo kununua simu mbovu za kutoa vipuri. Niko gulioni, napita kwenye mitumba, nikasikia sauti ikaniingia kifuani. "Panya, mende, kunguni, siafu. Panya anakula mahindi yako, anakula na vyeti vyako." Spika ilikuwa imefungwa kwenye baiskeli, na pembeni ya baiskeli amekaa mtu kwenye ndoo iliyogeuzwa, anakula karanga, wala haongei. Ilirekodiwa. Nilisimama pale nikasikia hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Sauti ile ilipaswa kuingia kwenye kila jiko la mkoa huu saa nane mchana, na inauza sumu ya panya. Akaniona, akacheka, akasema, "Fundi. Umenenepa kama mwenyekiti."

Alinipeleka kwake. Chumba kimoja na sebule, pazia la maua, mke wake ana mimba, akatupikia migebuka, samaki wa ziwani, kwa mawese. Zabroni aliniambia kitambulisho alipata, hapo hapo Kibondo, mwaka wa pili tangu afike. Mwenyekiti wa kule alisoma vyeti, akagonga mhuri, dakika kumi. "Na nilikaa pale nasubiri aniambie nije kesho," akasema, anacheka. "Nilishindwa kuondoka." Mimi sikucheka. Nikatoa simu nikamwonyesha ile filamu, sehemu ya jenerali, nikamtafsiria Kiingereza chake, supu, chumvi, mama yake. Nilitaka naye apate kinyaa. Yeye aliangalia kwa makini kama fundi anayeangalia kazi yake ya zamani, akasema, "Hapa nilichelewa kuingia." Basi. Ndipo nikashindwa. Nikamwambia. Baraza, mahindi, bahasha, kikohozi.

Aliweka tonge chini.

"Ulimfanyia na sauti?"

"Nilimfanyia."

"Uliipatia?"

Nikamwangalia. Alikuwa anauliza kweli.

"Sikuipatia."

"Najua. Hilo koo huna." Akanawa mkono mmoja, taratibu sana, bado kuna chakula. Mke wake alichungulia pazia, akarudi. "Mimi miaka yote hii nilijua ni Hamza. Kile kiti. Ile soda." Akajipangusa mkono kwenye suruali. "Baba yake alipofariki nilipigiwa simu. Nilikuwa Kasulu siku hiyo, nimekwenda kumwona mama. Nikasema acha wazikane wenyewe."

Nilimega tonge, nikalirudisha kwenye sahani.

"Nipe namba yake," akasema.

Nikamwambia simu imekata chaji. Ilikuwa juu ya meza, kati yetu, jenerali bado amesimama kwenye skrini na bakuli mkononi. Zabroni aliiangalia simu, akaniangalia mimi, akamwita mke wake aje atoe vyombo. Hakuniambia niondoke. Hakuniambia pia nikae. Nilivaa viatu vyangu mlangoni, nikasikia anamwambia mkewe asinifungie samaki wa njiani.

Hiyo ndiyo filamu yenu bora. Nikitaka kuichukia naichukia kwa haki zote, na nikimaliza kuichukia bado mimi nimekaa pale pale barazani, nakohoa mara mbili, najiona shujaa. Hamza, namba ya Zabroni hii hapa nakutumia pembeni, sio kwenye grupu. Mpigie wewe, mimi nimeshindwa. Na nyie mtakaosoma mpaka hapa mkaanza kunihukumu, mimi nimetaja la kwangu. Wewe ulimponza nani kwa kumtetea?